Wi-Fi haiishi

Jirani yangu alirudi kutoka Kariakoo na kiboksi chenye antena nne. Akakiweka sebuleni, akakichomeka kwenye umeme, kisha akaja kunigongea. "Jirani, nimenunua Wi-Fi lakini haileti kitu." Nikaenda kutazama. Taa zinawaka, kompyuta zake mbili zimekishika, mawimbi yamejaa. Kiboksi kizima kabisa. Intaneti ndiyo haikuwepo, kwa sababu hakuwa ameilipia popote. Hii ni mara ya tatu mwaka huu nakutana na jambo hili, nimeona niliandike.

Maana yenyewe ni fupi. Kampuni inakuletea laini moja ya intaneti hadi nyumbani. Kifaa kiitwacho ruta kinaipokea na kuigawa kwa kompyuta na simu zote za humo ndani, kwa kebo au kwa Wi-Fi. Basi. Kinachochanganya ni kwamba kiboksi cha kampuni mara nyingi hubeba modemu (kinachobadili ishara za laini ziwe za kompyuta) na ruta ndani ya ganda moja, hivyo watu hukiita chochote kinachowajia mdomoni.

Kinachoniudhi hasa ni neno mtandao. Si kwamba ni baya, ni zuri mno. Limetoka kwenye kutanda: wingu hutanda, mkeka hutandikwa, buibui ana utando wake, mama anajifunika mtandio. Ni kitu kilichoenea na kushikana. Kwa maana hiyo, kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja chumbani tayari ni mtandao, hata kama kampuni ya intaneti haijawahi kusikia habari zenu. Sisi tukalichukua neno hilohilo tukaipa intaneti, tukaipa minara ya simu, tukaupa na mfumo wa benki ("mtandao hakuna, rudi mchana"). Leo mtu akisema mtandao umekata, fundi hajui aanzie kwenye ruta, mnarani au kwenye kaunta ya benki.

Wi-Fi nayo imezushiwa. Wengi wanaamini ni kifupi cha maneno fulani ya Kiingereza. Mwaka 1999 kampuni zilizokuwa zikitengeneza vifaa visivyotumia waya zilikuwa na kiwango kinachoitwa IEEE 802.11b, jina ambalo huwezi kumwambia mteja dukani. Zikawapa kazi Interbrand, watu wa kubuni majina ya biashara, nao wakaja na Wi-Fi kwa kuchezea sauti ya hi-fi, lile neno la redio na spika za muziki. Kaulimbiu iliyolifanya lionekane kama kifupisho ilibandikwa baadaye. Kwa hiyo ni jina la namna vifaa vinavyozungumza kwa mawimbi ya redio ndani ya makumi ya mita. Halina intaneti ndani yake. Bando likiisha usiku wa manane, bado unaweza kutuma waraka kwenye printa iliyo chumba cha pili, au kuhamisha picha za harusi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, kwa Wi-Fi ileile.

Waliowahi kupanga chumba kwenye nyumba yenye mita moja ya umeme ya LUKU watanielewa haraka. Yuniti zikiisha, wapangaji hugombana nani hakuchangia, lakini hakuna anayesema nyaya zimeisha. Nyaya ziko ukutani palepale.

Kwenye huko kugawana laini moja kuna jambo ninalolipenda. Namba za anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ambao bado tunautumia, ni kama bilioni 4.3 tu. Zingegawiwa kila kompyuta na kila simu duniani, hazingetosha. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Egevang na Francis, walichapisha maelezo ya ujanja wa kufanya nyumba au ofisi nzima itumie anwani moja. Ni kama S.L.P. ya shule tuliyosoma. Barua zote zilifika kwa namba moja, mwalimu wa zamu akazipokea na kuita majina mstarini. Ruta ndiye mwalimu wa zamu: kwa nje intaneti inaiona anwani moja, kwa ndani kila kompyuta ina namba yake, mara nyingi inayoanza na 192.168, na ruta inakumbuka nani aliomba ukurasa gani. Namba hizo za ndani zinajirudia katika mamilioni ya nyumba na hazigongani, kama vile kila shule ilivyokuwa na Juma wake.

Kwa hiyo siku kurasa zikigoma kufunguka, tupia jicho alama ya Wi-Fi kwenye kompyuta yako kwanza. Ikiwa imejaa, Wi-Fi ipo. Mara nyingi kilichoisha ni kifurushi, au laini ya kampuni ina hitilafu, na hilo ndilo la kumwambia fundi akipokea simu. Ukimwambia Wi-Fi imeisha, atakuuliza tena maswali manne.

Jirani ameshalipia laini na sasa watoto wake wanasoma bila kugombania simu ya baba. Kile kiboksi bado anakiita "Wi-Fi yangu". Sijamkosoa. Hiyo kweli ni yake, aliinunua. Mwezi ukiisha ndipo tunapokumbushana ipi si yake.