Reofiti ni mmea wa aina gani?

Reofiti ni mmea ambao makao yake ni miamba ya mto wenye kasi, kuanzia usawa wa maji ya kawaida hadi pale mafuriko yanapofika, si zaidi. Jina ni la Kigiriki: mkondo na mmea. Mkazi wa Tanga ana mfano wa karibu, mkoko, unaofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Ila mkoko ni wa maji chumvi na hujikita topeni. Reofiti wa mtoni hushika jiwe.

Anayetafutwa sana na wapenzi wa matangi ya samaki ni busefalandra (Bucephalandra), jenasi iliyopewa jina na Schott mwaka 1858. Asili yake ni kisiwa cha Borneo peke yake, na ukoo wake ni ule wa magimbi. Majani ni madogo na magumu, yana vidoadoa vyeupe, na ukiyageuza kwenye mwanga mengine hung'aa rangi ya samawati.

Ukishaelewa neno reofiti, matunzo yake yanajieleza. Kosa linaloua mingi ni kuufukia. Shina lake, rizomu, hutambaa juu ya jiwe kama kipande cha tangawizi. Likifunikwa udongo hukosa hewa, likaoza. Lifunge kwa uzi wa pamba au lidondoshee tone la supagluu, mizizi ining'inie. Itashika yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Jiwe nalo lina maneno yake. Pwani ya Tanga imejaa mawe ya matumbawe, na hayo ni chokaa: huyafanya maji kuwa magumu. Dondoshea siki juu ya jiwe kavu. Likitoa povu, liache. Mawe ya mito ya Usambara kwa kawaida hayatoi. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chokaa au chumvi, kwa hiyo kinga ya mvua, lakini mwaga yale ya mwanzo yanayoosha bati.

Anayeanza afadhali aulee hewani kwanza. Chukua kontena la plastiki linaloona ndani, lenye mfuniko. Panga mawe, tia maji sentimita 1 hadi 2, rizomu ibaki juu ya maji. Weka penye mwanga wa saa 10 hadi 12 usio jua kali, na ufungue mfuniko dakika 10 kila siku, la sivyo ukungu mweupe utatanda. Maji yabadilishwe kila wiki. Mbolea ya maji, robo ya kipimo cha kwenye chupa inatosha; ukizidisha utavuna mwani. Joto la nyuzi 22 hadi 28 linaufaa, kwa hiyo wakati wa kaskazi uhamishie kontena sakafuni, upande usiopigwa na jua la mchana.

Ukiuzamisha tangini, majani yanaweza kuyeyuka yote ndani ya wiki mbili. Hapo wengi huutupa, na ni hasara tupu. Jani lililokulia hewani halikuumbwa kunyonya gesi majini, hivyo mmea huliacha na kutoa jingine. Bonyeza rizomu kwa kidole: ikiwa ngumu, iko hai, subiri. Ikiwa laini na inanuka, kata kwa wembe safi hadi nyama ngumu itokee, kisha irudishe kwenye kontena. Tangini maji yasisimame. Pampu ndogo inatosha, ielekeze pembeni mwa jiwe ili takataka zisitulie juu ya majani.

Kuzidisha ni kukata rizomu vipande vya sentimita 3 hivi, kila kimoja na majani matatu au zaidi. Nawa mikono baadaye, utomvu wake unaweza kuwasha kama wa magimbi mabichi. Na usiwe na haraka: jani moja jipya laweza kuchukua wiki tatu au nne.