Chemba kung'aa si dalili ya kazi nzuri, niulizeni mi fundi bunduki

Wiki iliyopita kaja mzee mmoja kutoka Handeni, kateremka na basi la asubuhi, bunduki yake ya risasi za saizi ya .308 ndani ya begi na vibali vyote mkononi (bila vibali mi hata zipu ya begi siifungui, sheria ya silaha ya 2015 haina utani na mi nina watoto). Nikampa shikamoo, akakaa, akaniambia mwanangu hii nimetengenezewa chemba upya na fundi mmoja, hebu angalia inavyong'aa. Nikahakikisha iko tupu, nikatoa bolti (kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma), nikapiga tochi. Ilikuwa inang'aa kweli, ungeweza kujitazama humo ukanyolea ndevu. Na hapohapo ndo roho ikaanza kuniuma.

Sasa kwa wasiojua, chemba ni ile sehemu ya nyuma ya mtutu ambapo risasi inalala kabla hujafyatua. Inakatwa kwa rima, yaani kifaa chenye makali marefu kilichochongwa kwa umbo la risasi yenyewe, fundi anakisukuma taratibu huku mtutu unazunguka kwenye mashine ya leth. Ukifyatua, ganda la shaba linavimba likashika kuta za chemba, na hapo mle ndani kuna presha kubwa balaa, kwa .308 kipimo cha juu kinachokubalika Ulaya ni bar 4,150, wakati tairi la gari lako dogo lina bar 2 na kidogo. Ganda likishika ukuta vizuri linapunguza mzigo kwenye bolti. Chemba iking'arishwa mpaka ikawa kioo ganda linateleza, mzigo wote unarudi nyuma kwenye bolti, yaani karibu na uso wako. Ndo maana mi namalizia na msasa namba 320 hivi, sekunde chache tu, basi. Mistari myembamba ya mduara iliyoachwa na rima haina neno, watu wanaleta kamera za kuchungulia ndani siku hizi wanaona kamstari wanakuja wanalia. Mstari wa kuogopa ni ule unaoweza kuusikia kwa ncha ya kijiti.

Tena fundi anayeng'arisha hivi huwa anaficha kitu, na akitumia mkono bila umakini mlango wa chemba unapanuka kama mdomo wa tarumbeta.

Nikamuuliza mzee, maganda uliyofyatua yako wapi? Bahati alikuwa nayo sita kwenye mfuko wa shati, kumbe anayaokota awape wajukuu wachezee. Mzee wa watu hakujua kaniletea mashahidi.

La kwanza nilichukua ganda moja nikaliviringisha juu ya kioo, kile kioo cha fremu ya picha, kimelala sawa mezani. Ganda lililotoka kwenye chemba nzuri linaviringika kimya, shingo yake imetulia. Hili shingo ilikuwa inapanda inashuka kama jahazi nje ya Raskazoni hapa Tanga msimu wa kusi. La pili hivyohivyo. Yote sita. Yaani mwili wa ganda una mhimili wake na shingo ina mhimili wake, maana yake rima liliingia kwa upande, mtutu haukuwekwa sawa kwenye chaki, ule mdomo wa leth unaoshika mtutu, kabla ya kuanza kukata. Hii kazi ya kuweka sawa ndo inayokula muda, mi naweza kukaa nusu siku nagonga nagonga nikiangalia dayo geji, ile saa ya kupimia kama mtutu unayumba, na sianzi kukata mpaka sindano icheze chini ya 0.01 mm. Mteja akipita akikuta sijakata chochote anadhani navuta muda.

Halafu yale maganda yalikuwa na mkwaruzo mmoja wa urefu. Hapa wengi wanakosea, wanalaumu chemba moja kwa moja wakati mkwaruzo unaweza kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, risasi inapopanda. Ukitaka kujua, chora mstari wa maka pen kwenye kitako cha risasi, iweke chemba kwa mkono mstari ukiwa juu, fyatua, tazama ganda. Rudia na risasi ya pili na ya tatu. Mkwaruzo ukikaa palepale kila mara hali hukupitisha magazini, basi kosa liko kwenye ukuta wa chemba yenyewe, si magazini.

Lililonitisha zaidi ni kijiduara cha kumeremeta kilichozunguka ganda, juu kidogo ya kitako. Nina kawaya kangu nimekachonga ncha nikakakunja kama ndoano, unakaingiza ndani ya ganda unakaburuza ukutani polepole kutoka chini kuja juu. Kakidaka, kuna mfereji ndani. Kalidaka kwenye maganda manne. Hapo shaba imeshavutwa ikawa nyembamba, ganda linajiandaa kukatika vipande viwili, na likikatika gesi inatafuta njia ya kurudi kwa mpigaji.

Geji, vile vipande vya chuma vya kupimia kina cha chemba, zikathibitisha. Ya .308 ile ya kuingia ina mm 41.40, bolti lazima ifunge juu yake bila nguvu, ile ya kukataa ina mm 41.50 na bolti haitakiwi kufunga. Tofauti ni mm 0.10 tu, unene wa karatasi. Bolti ya mzee (nilishatoa springi zote ili niisikie kwa kidole) ilifunga kwenye zote mbili, ya pili ilipita kama haipo. Rima lilizama mno.

Nikamwaga na kasti, yaani nakala ya chemba kwa ile aloi inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko maji ya chai yanayochemka. Unaziba mtutu kwa mbele na kitambaa, unamimina, unaitoa ikishaganda halafu unasubiri, maana inasinyaa kwanza kisha inaanza kutanuka, ikifika saa moja tangu umimine ndo iko sawa na chemba na ndo unapima. Tukanywa kahawa. Kasti ilionesha mwanzo wa matuta ya ndani ya mtutu, yale yanayozungusha kichwa cha risasi, kwenye mtutu sawa yote yanaanza mstari mmoja, huu ulikuwa na matuta manne, mawili yameanza mapema na mawili yamelika.

Kuna kutu nayo, hapa Tanga hewa ya chumvi inatoboa chuma vidoti vyeusi visivyo na mpangilio, watu wanavichanganya na kazi mbaya ya rima. Kwa mzee haikuwepo. Kosa lilikuwa la mkono wa mtu.

Akaniuliza inarekebishika? Ingekuwa ni kuzama tu ningekata nyuma ya mtutu kidogo, nikausogeza kwenye uzi wake na kupitisha rima tena. Lakini chemba nzima iko upande, ningelazimika kukata urefu wake wote ndo nikute chuma kizima, na mtutu wake kuanzia hapo unakonda, haubaki na unene wa kukaa. Nikamwambia mzee wangu, huu umekufa, tafuta mtutu mwingine.

Alinyamaza kidogo, akasema hela yenyewe aliuza ng'ombe. Mi sikuwa na la kusema. Bolti nikamfungia kwenye gazeti peke yake asije mjukuu akajaribu, na yale maganda nikamwomba aniachie. Yako kwenye kopo dirishani, kijana wangu anayejifunza kazi nimempa ayaviringishe kwenye kioo kila asubuhi kabla hajagusa mashine, jana kaniambia la tano ndo bovu kuliko yote, nikaangalia, yuko sahihi.