Kile kisanduku cha manjano kando ya barabara

Tangu mpango wa kinu cha nyuklia uanze kutajwa Siaya, chochote chenye jina la mionzi hapa Kisumu kimetiwa kapu moja na bomu. Fundi wa barabara akiweka juu ya udongo ulioshindiliwa kisanduku chake cha manjano, kipimo cha mionzi kinachoonyesha udongo umeshikana kiasi gani, wapita njia huvuka ng'ambo. Hofu yao naielewa, ila imeelekezwa pasipo.

"Kitalipuka." Hakiwezi. Mlipuko wa nyuklia hutaka mfululizo wa mipasuko ya viini vya urani au plutoni. Kisanduku hicho kwa kawaida hubeba chembe tu ya sesiamu-137, isotopu (aina ya elementi) inayotoa mionzi yenyewe: miale yake mingi ikipenya, udongo bado haujashikana, ongeza shindilia.

"Kilichopigwa mionzi hubaki na mionzi." Hili nalisikia hata kwa waliosoma. Miale ya gama ya kobalti-60 huua vijidudu kwenye sirinji iliyokwisha kufungwa pakitini, ikapita. Tochi ikizimwa, ukuta haubaki uking'aa. Bomba la mafuta lililopigwa picha kwa iridiamu-192 kutafuta nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa nalo ni bomba lile lile.

"Kisipotumika, kimezima." Hapa ndipo penye hatari, na ndipo watu hawaogopi. Mashine ya eksirei ukichomoa umeme, miale imekwisha. Isotopu haina swichi. Iridiamu-192 hupungua nusu kila siku 74, lakini sesiamu-137 huchukua miaka 30. Kinachotukinga ni ile ngao nzito ya madini na kufuli yake, basi.

Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, waokota vyuma walichukua chombo cha sesiamu katika kliniki iliyohamwa, wakakiuza kwa mnunuzi wa skrapu. Ndani mlikuwa na unga unaong'aa buluu gizani. Watu waliupenda, wakagawiana, watoto wakauchezea. Wanne walikufa, akiwemo msichana wa miaka sita.

Huwakumbuka kila nipitapo kwa vijana wetu wanaopima vyuma chakavu kwa kilo, maana chombo cha aina hiyo ni kizito na kinaonekana mali. Ukiona alama nyeusi kama pangaboi la mabawa matatu kwenye manjano, usikivunje wala usikipandishe mizani. Rudi nyuma: umbali ukiongezeka maradufu, miale inayokufikia hubaki robo. Zuia wengine wasisogee, kisha ita polisi au Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA.