Daktari wa simu na antibayotiki: kwa nini unaambiwa uende kituo cha afya

Wiki ya kimataifa ya kuhamasisha mapambano dhidi ya usugu wa vimelea kwa dawa, tarehe 18 hadi 24 Novemba, inatukuta na lalamiko linalojirudia: "Nimelipia kuongea na daktari kwa simu, nikamweleza mtoto ana mafua na kikohozi, akakataa kuniandikia dawa." Dawa inayotajwa hapo ni antibayotiki, dawa ya kuua bakteria. Mzazi huyo hakudhulumiwa. Alilipia uamuzi wa kitabibu, na akaupata.

Daktari anayeamua kama koo linahitaji antibayotiki hutazama tonsili kama zina usaha, hupapasa tezi za shingo, hupima homa na kuuliza kuhusu kikohozi. Kwa simu anabaki na maswali tu. Mtoto anayekohoa huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, humfanya daktari afikirie nimonia. Kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi ni dalili nyingine. Mwenye chini ya miezi 2 asisubiri simu, apelekwe kituoni. Na homa hapa kwetu Tanzania inadai kipimo cha malaria kwanza.

Nchini Uingereza, watafiti walilinganisha maelfu ya miadi ya wagonjwa wa mfumo wa hewa. Kwa watu wazima, walioongea na daktari kwa mbali walikuwa na uwezekano wa kuandikiwa antibayotiki mkubwa zaidi kwa takriban 23% kuliko walioonana naye ana kwa ana. Kwa watoto tofauti ya maana haikuonekana. Mimi naisoma hivi: asiyeweza kumshika mgonjwa huogopa kukosea, na mwenye hofu huandika. Kwa hiyo daktari anayekuambia "njoo nikuone" anafanya kazi yake vizuri.

Sasa kuhusu cheti, maana hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi. Cheti cha dawa kiwe na jina la mgonjwa, umri, uzito kama ni mtoto, tarehe, jina la dawa, kipimo, idadi ya siku, pamoja na jina, sahihi na namba ya usajili ya aliyeandika. Mfamasia akitilia shaka lolote, humuuliza mwandishi kabla ya kutoa. Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Iliyo nje ya orodha haitolewi pale hata cheti kikiwa halali. Anayetoa dawa ya cheti bila cheti anavunja Sheria ya Famasi, na anaweza kushtakiwa, kusimamishwa au kufutiwa usajili. Picha ya boksi la dawa aliyopewa jirani mwaka jana si cheti. Tumelisema hili mara nyingi.

Wala "rangi mbili", kapsuli ya antibayotiki, haitibu mafua. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiviui. Kikohozi cha mafua kinaweza kuendelea hata wiki tatu huku mgonjwa akipona. Azithromycin na ciprofloxacin, ambazo watu huzitaja kwa majina dukani, Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Mwaka 2019 pekee, bakteria sugu walikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Kabla ya kupiga simu, andika uzito wa mtoto, siku alizougua, dawa alizokwisha kumeza (hata nusu dozi, usione haya) na mzio wowote anaoujua mama yake. Ukiwa na swali la kawaida, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, usipige simu popote, mpeleke kituoni mara moja, hata kama ni usiku.