Kiraka cha kiwambo cha sikio hakitoki kwa mtu mwingine

Kila inapokaribia Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, foleni ya kliniki yetu ya masikio, pua na koo hurefuka, na wenye kiwambo cha sikio kilichotoboka huja na swali moja: "Daktari, hicho kiraka cha kuzibia tundu mtakitoa kwa nani?"

Kwako. Si ngozi ya maiti, si ya ng'ombe, wala hakuna ndugu atakayeitwa kuchangia.

Tunachotumia zaidi ni utando mweupe unaofunika msuli wa panja, ule unaocheza ukitafuna. Tukiisha kupasua nyuma ya sikio tunaufikia kwa mkato huohuo, tunaukwangua nyama, tunauanika kidogo hadi uwe kama karatasi, kisha tunaupenyeza chini ya kingo za tundu. Siku za mwanzo huishi bila kudai damu nyingi, huku ngozi ya kiwambo ikitambaa juu yake. Viraka vinane hadi tisa kati ya kumi hushika.

Udhaifu wake ni wembamba. Mrija unaounganisha sikio na nyuma ya pua usipopitisha hewa vizuri, utando hunyonywa ndani au hutoboka tena. Kwa sikio la namna hiyo, kwa tundu lililokula karibu kiwambo kizima, au kwa aliyekwisha kupasuliwa kiraka kikakataa, tunapendelea gegedu, ile tishu ngumu inayopinda inayolipa sikio umbo lake. Hukatwa kwenye kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, au kwenye bakuli la sikio lenyewe. Wengi huhofia kwamba kitu kigumu hivyo kitazuia sauti. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana tunalichonga hadi unene wa karibu nusu milimita. Likichongwa hivyo, usikivu baada ya upasuaji hukaribiana na wa mwenye kiraka cha utando.

Tundu dogo sana linaweza kuzibwa kwa punje ya mafuta kutoka kwenye ndewe. Mgonjwa huchomwa ganzi tu na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Basi kila mtu sasa anataka ya mafuta! Kiraka hakichaguliwi kama kitambaa dukani. Ukubwa wa tundu na hali ya sikio ndivyo vinavyoamua.

Kuhusu utaratibu: sikio linalotoa usaha hukaushwa kwanza kwa dawa. Kisha hufanyika kipimo cha usikivu cha masikio yote mawili, hata kama unalalamikia moja. Fomu ya ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenyewe baada ya kuelezwa. Ya mtoto husainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria, si jirani aliyemsindikiza. Atakayekuja na mafua au kifua siku ya upasuaji atarudishwa na kupangiwa tarehe nyingine. Atakayekunywa chai asubuhi ilhali ameambiwa afunge kwa ajili ya nusukaputi, naye vilevile. Hatuwaadhibu, tumbo lenye chakula ni hatari ukiwa usingizini.

Aliyetobolewa na kofi au kijiti cha pamba asikimbilie kisu. Matundu mengi ya namna hiyo hujifunga yenyewe ndani ya miezi mitatu, mradi sikio lisiingie maji wala mafuta ya nazi, kitunguu, maziwa ya mama na kila kinachoshauriwa na shangazi. Tumeshasema hili mara nyingi.

Baada ya upasuaji usipenge kamasi kwa nguvu. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Usipande ndege kabla daktari hajaruhusu. Ukioga, ziba sikio kwa pamba iliyopakwa vaselini. Ndani tunaacha sponji inayoyeyuka yenyewe, kwa hiyo usiivute. Kipimo cha usikivu hurudiwa baada ya miezi kama mitatu, na anayetupigia simu wiki ya pili kulalamika kwamba hasikii, sikio lake bado limejaa sponji.