Panya wamepimwa damu. Je, na kinamama wapimwe?

Ni kweli saratani ya matiti inagundulika kwa panya kwa kupima damu tu?

Kweli. Uvimbe unapokua humwaga protini na vipande vya vinasaba kwenye damu, na hivyo ndivyo vinavyoitwa viashiria. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Marekani wamekuwa na panya waliopandikizwa jeni zinazowafanya waote saratani ya matiti. Damu yao huchukuliwa kabla uvimbe haujashikika na baada ya hapo, kisha hulinganishwa na ya panya wazima.

Kwa nini panya?

Kwa sababu wanafanana: ukoo mmoja, chakula kimoja, umri mmoja. Protini fulani ikipanda, uvimbe ndio wa kwanza kushukiwa. Kwetu sisi mmoja ana mimba, mwingine ana malaria, wa tatu ini lake ni bovu, na kila hali huacha alama yake kwenye damu.

Kilichofaulu kwa panya kinatushinda vipi sisi?

Tupige hesabu. Chukua uvimbe wa nusu gramu, unaokaribia ukubwa wa punje ya harage. Kwa panya wa gramu 25 hiyo ni sehemu 1 ya 50 ya mwili wake. Kwa mama wa kilo 60 ni sehemu 1 ya 120,000. Tena panya huyo ana damu kama mililita 2 tu, mama ana karibu lita 4. Kiashiria kilichokolea kwa panya, kwa mama kimezimuliwa mara 2,000. Protini nyingi zilizong'ara kwa wanyama hupotelea hapo.

Mbona maabara zina CA 15-3, kipimo cha damu cha protini inayomwagwa na saratani ya matiti?

Kipo, na kina kazi yake: kumfuatilia mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa, kuona kama dawa zinamsaidia. Saratani ikiwa changa, mara nyingi kiwango hakipandi. Ini likiugua kinaweza kupanda bila saratani yoyote. Ninachokiogopa ni mama mwenye uvimbe titini kupewa karatasi iliyoandikwa "kawaida", akarudi nyumbani kulala.

Nimegusa uvimbe. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye damu. Titi lichunguzwe na mtaalamu kwa mikono, kisha ultrasaundi au mamogramu (picha ya eksirei ya titi), na ikibidi kinyama kichukuliwe kwa sindano kikapimwe. Nenda wiki hii hii, hata kama hauumi. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni.