Ugatuaji wa huduma za afya ni nini, na kwanini zahanati ya kijijini sio ya Wizara ya Afya

Mtu akienda zahanati Tandahimba au Liwale akaambiwa dawa hakuna, akanunue duka la nje, akitoka pale neno la kwanza ni "serikali haileti dawa" na neno la pili ni kumlaumu Waziri wa Afya. Kulalamika ni haki yake, ila lawama yenyewe mara nyingi imeenda mlango usio wake, mana Waziri wa Afya hamiliki ile zahanati, wale manesi hawako chini yake, na hata oda ya dawa haikuanzia mezani kwake. Ile zahanati ni mali ya halmashauri. Huo mpangilio ndo unaitwa ugatuaji, maofisini wenyewe wanapenda kusema di bai di (D by D, yaani "Decentralisation by Devolution"), na naona tukiuelewa hata kugombana na viongozi tutagombana vizuri zaidi.

Kwa kifupi kabisa, ugatuaji ni serikali kuu kushusha kazi, hela na maamuzi kwenda kwa serikali za mitaa. Kwenye afya maana yake zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya vinaendeshwa na halmashauri, halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, na TAMISEMI ni ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, sio Wizara ya Afya. Wizara inabaki na sera, miongozo, viwango, chanjo, magonjwa ya mlipuko na zile hospitali kubwa kubwa. Kwa hiyo kuna wawili, mmoja anasema huduma iweje na mwingine anaitoa, alafu mgonjwa amekaa kwenye benchi hajui kama ni wawili. (Hapa naongelea bara tu, Zanzibar afya sio jambo la muungano na wana wizara yao.)

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1972 serikali ilikuja na kitu kinaitwa Madaraka Mikoani, jina zuri sana, ila kilichofanyika ni kufuta zile halmashauri zilizokuwepo na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara nazo zikapigwa marufuku, mpaka 1991 ndo zikaruhusiwa tena. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982, na mpango mkubwa wa kushusha madaraka kama tunavyoujua leo ukaja mwishoni mwa miaka ya 90. Katikati hapo, 1993, ikaanza habari ya uchangiaji, yaani mgonjwa atoe chochote, ambayo wazee wetu waliozoea matibabu ya bure mpaka leo hawajaisamehe.

Sasa mfano wa huku kwetu kusini, Lindi na Mtwara, ambao unaonesha hii mashine ikifanya kazi vizuri, mana kuna siku inafanya kazi vizuri lazima tuseme. Julai 2022 kule Mbekenyera, Ruangwa, walifika wagonjwa wana homa, kichwa kinauma, wamechoka na wanatoka damu puani. Watu wakashika vichwa, wengine wakaanza kusema Ebola. Wahudumu wa pale, ambao ni watu wa halmashauri, hawakukaa kimya, taarifa ikapanda mpaka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Lindi na yeye akaipeleka wizarani. Kuanzia hapo kazi ikahama mikono, wizara ikatuma timu ya wataalam, sampuli zikapimwa maabara zikakutwa sio Ebola, sio Marburg, sio korona. Baadae Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza ni leptospirosisi, ikaitwa homa ya mgunda, ugonjwa unaotoka kwa wanyama kama panya, unaambukiza kupitia mkojo wao kwenye maji au udongo. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu wakafariki. Angalia pale nani alifanya nini. Halmashauri iliona, mkoa ukapeleka taarifa, wizara ikapima na kutangaza, na kila mmoja alikuwa kwenye kazi yake. Ingekuwa Mbekenyera wanasubiri mtu wa wizara aje ndo agundue, sijui wangefika wangapi. Na ingekuwa Ruangwa wanajitegemea wenyewe bila wizara, maabara ya kupima vitu vya namna ile wangeitoa wapi.

Hiyo ni siku nzuri. Siku za kawaida ishu ni dawa, na hapa ntakaa kidogo mana ndo penye kelele.

Watu wengi wanadhani dawa zinagawiwa, yaani Dar wanajaza lori, linashusha kila zahanati boksi zake, kwisha. Sio hivyo. Zahanati inaagiza, na inaagiza kwa hela yake. Hela inatoka kwenye ruzuku ya serikali, kwenye ile mnayochangia dirishani, na kwenye madai ya bima kama NHIF na CHF. Mganga mfawidhi, yaani yule mkuu wa kituo, ndo anaangalia stoo kimebaki nini, anajaza oda, oda inapita kwa Mganga Mkuu wa halmashauri inaingia MSD, ambayo ni bohari ya dawa ya serikali iliyoanzishwa kwa sheria ya 1993, na huku tuna kanda yetu ya MSD hapa Mtwara. MSD wakisema dawa fulani hawana, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, ambae ni muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa mzima, huo utaratibu ulianzia Dodoma 2014 ukasambazwa nchi nzima.

Kwa hiyo dawa ikikosekana kuna sehemu kama tano ambapo pameharibika na hazifanani kabisa. Inawezekana mfawidhi alichelewa kuagiza au alikadiria vibaya. Inawezekana kituo hakina salio mana wagonjwa wengi ni wale wa msamaha, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo, wanatibiwa bure kwa sera ya serikali lakini dawa walizotumia lazima zilipiwe na mtu, na huyo mtu asipolipa kituo ndo kinaumia. Inawezekana oda imelala mezani kwa mtu wilayani. Inawezekana MSD yenyewe haina, na MSD wamekuwa wakilia mtaji miaka mingi. Au inawezekana barabara. Mei 2024 wakati wa mvua zile na kimbunga Hidaya barabara ya Kilwa ilikatika pale Somanga, na kila anayetoka Mtwara kwenda Dar anajua barabara ya Kilwa ikikatika maana yake nini, kila kitu kinachotoka Dar kinasimama, sio dawa tu. Sasa wewe umekaa kijijini unasema tu serikali haileti dawa, ni sawa na kusema gari haliendi, fundi atakuuliza tatizo ni mafuta, betri au tairi.

Nadhani badiliko kubwa ambalo watu hawakulisikia vizuri ni la mwaka wa fedha 2017/18. Kabla ya hapo hela za mfuko wa pamoja wa afya, zile ambazo wahisani wanachanga, zilikuwa zinaingia halmashauri, na zikiingia pale zahanati inaomba, inasubiri, inaambiwa gari la DMO (Mganga Mkuu wa halmashauri) halina mafuta, ukija kustuka mwaka umeisha. Kuanzia hapo hela zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kila zahanati ikatakiwa iwe na akaunti benki na mpango wake wa matumizi, na mpango unapitishwa na kamati ya usimamizi wa kituo ambayo mwenyekiti wake ni mwananchi wa kawaida na mganga mfawidhi ni katibu tu. Rudia kusoma hapo. Ni mwananchi wa kijijini, inawezekana ni jirani yako unaekutana nae kila siku AMCOS, kwenye chama cha ushirika, kwenye foleni ya mizani ya korosho, ndo anaongoza kikao kinachoamua hela za zahanati zinunue nini. Ila ukweli usemwe, kamati nyingi zinaitwa siku ya kupitisha tu, makaratasi yameshaandikwa, wanasaini wanakunywa soda wanaondoka. Sio kwamba hawana akili, ni kwamba hakuna aliyekaa nao akawaambia wana nguvu kiasi gani, na mfawidhi ambae yuko peke yake na nesi mmoja, anatibu, anazalisha, anajaza ripoti za mfumo wa kompyuta, hana muda wa kufundisha mtu uhasibu.

Na hapo ndo penye kasoro kubwa ya ugatuaji wetu kwa maoni yangu. Wametushushia hela kidogo na maamuzi ya hela, lakini watumishi bado wako juu. Halmashauri haiwezi kuamka ikasema tuna upungufu wa matabibu Nanyumbu tuajiri kumi, lazima kibali kitoke Utumishi, ajira zitangazwe kitaifa, watu wapangiwe kutoka huko, na mshahara unatoka Hazina. Wanampangia kijana wa mbali ambae kusini hajawahi kufika, anaripoti, anakaa mwaka anaanza kuhangaikia uhamisho, na aliyebaki ni yule yule nesi wetu. Unaweza kujenga jengo zuri la vigae kwa mafundi wa hapo hapo kijijini, na tumejenga mengi, mpango wa MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi) wa 2007 ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata na watu walichanga matofali kweli kweli, lakini jengo halimzalishi mama. Kamati ina uwezo wa kununua gloves, haina uwezo wa kuleta mkunga.

Wakenya walienda mbali zaidi yetu. Kwa katiba yao ya 2010, kuanzia 2013 kaunti ndo zinaajiri manesi na madaktari na kulipa mishahara. Unaweza kusema basi tufanye kama wao, lakini kumbuka mgomo wa madaktari kule ulioanza Desemba 2016 ukaenda siku 100, na sehemu ya ugomvi ilikuwa nani hasa ndo mwajiri, kaunti inasema Nairobi, Nairobi inasema kaunti. Uingereza nao wana huduma yao ya taifa tangu 1948, kule England waliunda chombo kikubwa cha kuisimamia kikiwa mbali kidogo na waziri, Machi 2025 serikali ikatangaza inakivunja ili kazi irudi wizarani. Kwa hiyo hii kamba inavutwa kila mahali, sio sisi tu.

Hata hapa kwetu ilishavutwa kurudi juu. Ligula hapa Mtwara na Sokoine pale Lindi ni hospitali za rufaa za mkoa, na zilikuwa chini ya mkoa, yaani upande wa TAMISEMI. Mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli akaagiza hospitali zote za rufaa za mikoa zihamie Wizara ya Afya. Ndo mana leo kama una lalamiko la Ligula mkurugenzi wa manispaa hawezi kukusaidia hata kama hospitali iko kwenye manispaa yake. Ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mikindani, ambayo Rais Samia aliizindua 2023, nayo ni ya wizara. Ndanda na Nyangao hizo ni za kanisa, lugha nyingine kabisa.

Kuna na jambo la korosho. Halmashauri inapata ushuru wa mazao ambao ni asilimia 3 ya bei, na kwa halmashauri kama Tandahimba au Newala korosho ndo uti wa mgongo wa mapato ya ndani, mnada ukienda vizuri wodi inaezekwa, bei ikianguka boma la zahanati, yaani jengo ambalo halijaisha, linabaki linaota majani misimu miwili. Wizara haihusiki hapo hata kidogo, ni baraza la madiwani ndo linaamua hela ya ushuru iende wapi, na diwani tunampigia kura sisi wenyewe ila wakati wa kampeni huwa hatumuulizi habari za boma, tunamuuliza fulana.

Sasa kuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023, na yenyewe itasukuma hii habari sehemu nyingine, mana kwenye bima hela inamfuata mgonjwa, kituo kinachotibu watu wengi kinaingiza nyingi na kile ambacho watu wanakikimbia kinabaki na ruzuku peke yake. Kwa vijiji vilivyo mbali na vyenye watu wachache hiyo ni hesabu ya kuangalia kwa makini sana na sidhani kama madiwani wetu wameshaanza kuipiga.

Kama hapo kijijini kwenu hamumjui mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mulizeni mtendaji kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, na muombe taarifa ya mapato na matumizi ya kituo isomwe pale pale, pamoja na tarehe ambayo oda ya mwisho ya dawa ilitumwa.